Videnenda Wawili wa Kitere

Msimu mzima niliandika jina moja.
Daftari la mraba, penseli ya kuchongwa kwa wembe,
bonde la mpunga, saa kumi na mbili na robo,
umande ukinipanda hadi magotini:
kidenenda, mmoja.
Kidenenda, wawili.
Kidenenda, mmoja, anaimba.
Mistari sitini na mitatu.
Nikalipwa. Nikabadilisha mpira wa nyuma wa baiskeli.

Ndege mwenyewe, ukimweka mizanini,
hainui kijiko cha chumvi.
Mgongo wa michirizi, kama mkeka wa mlango wa nyuma;
tumbo rangi ya makopa yaliyoanikwa siku mbili;
mkia mfupi, ncha nyeupe,
kana kwamba kauchovya kwenye chokaa, akaghairi.
Nani angedhani wako wawili?

Somoe binti Nalinga, aliyekuwa akiamia ndege jaruba la pili,
alinijia na kombeo begani.
"Siku zote hizi unahesabu nini?"
Nikampa daftari. Akasoma kwa kidole,
akacheka hata kombeo likamponyoka.
"Huyu wa majini na yule wa kichangani
umewatia chungu kimoja?
Basi mwandike Somoe na Esha ndugu yake jina moja,
halafu tupeleke mtoto mmoja kliniki."

Akanishika kiwiko. "Tazama juu, usitazame kitabu."

Juu ya mpunga mbichi mmoja alikuwa anashona hewa:
anapanda — tsi;
anashuka, kimya;
anapanda — tsi;
cherehani yenye jino moja bovu,
mshono mrefu, mlegevu,
kutoka mfereji hadi mfereji.

Tukavuka tuta. Hatua ishirini, labda ishirini na tano.
Mabua ya ufuta uliokwisha vunwa, mchanga unaoungua soli.
Hapo mwenzake akafyatuka kutoka chini
na mabawa yakaalika,
ta, ta-ta,
kama mtu aalishaye vidole kabla ya kuanza ugomvi,
kisha akajitupa majanini kama kokoto.

Mavazi yaleyale. Fundi mmoja, kitambaa kimoja.

Nyumba ndizo zilizonimaliza.
Wa majini anafunga majani mabichi kwa utando wa buibui,
chupa nyembamba, mdomo juu;
anaingia kwake kwa kudondoka.
Wa kichangani amefinyanga tufe la majani makavu,
mlango ubavuni;
anaingia ameinama, kama mkwe.

Wanasema ndege wafananao huruka pamoja.
Hawa wanafanana, na hawaruki pamoja.

Usiku ule, kwa mwanga wa simu,
nilianza kufuta.
Kifutio kikatoboa ukurasa wa nne.
Nilijaribu kukumbuka kwa sikio:
ule wa Jumatatu ulipanda? Uliyumba? Ulialika?
Kumi na tisa niliwarudisha kwao.
Waliobaki arobaini na wanne, kila mmoja
niliandika *sijui*,
kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Bwana Mtipa wa ofisini Mtwara hakupenda.
"Fomu haina safu ya *sijui*," akasema.
Nikachora safu. Sikuwa na rula;
imepinda kidogo kuelekea kulia.

Asubuhi iliyofuata nilirudi na umande wangu.
Somoe alikuwa upande wa pili, anapiga debe,
wala hakugeuka.
Mmoja akatua juu ya tuta lenyewe,
mguu huu kwenye unyevu, mguu huu kwenye vumbi.
Akajipangusa mdomo. Akatazama huku. Akatazama kule.
Nilingoja apande, au aalike.
Penseli juu, pumzi chini.
Akanyamaza.

Nikaandika saa.
Nikaacha nafasi.